Homa ilishuka tukaimba, mama mkwe akakataa: dengue yangu hapa Karagita

Wakuu, sasa? Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijaambiwa na mtu. Mwenye kubisha abishane na dengue.

Naishi Karagita, Naivasha, nafanya kazi shamba la maua. Nyumba yangu ni single room. Pazia moja ndilo linalotenga kitanda na viti.

Tulienda Mombasa na mke wangu Nekesa kumsalimia mamake, tukarudi naye aje akae kidogo na mjukuu.

Sasa sisi Wabukusu, mwanaume na mama mkwe ni heshima ya mbali. Hatupeani mkono, hawezi kulala kwangu, na kitanda changu hafai hata kukiona. Kwa hivyo alilala kwa jirani, Mama Brian, na mchana alikaa nje ya mlango wetu na mtoto.

Siku chache baadaye homa ikanishika. Kichwa kiliuma nyuma ya macho, viungo vikauma kama nimepigwa rungu. Tukapima malaria, hakuna.

Nikataka diclofenac ya kutuliza maumivu. Mama mkwe akamtuma Nekesa aniambie niachane nayo, inaweza kunifanya nitokwe na damu. Paracetamol tu, na ninywe maji na uji kwa wingi. Alishuku ni dengue, maana ilishawahi kumlaza yeye.

Dengue na hii baridi yetu? Nilicheka, wakuu. Kumbe mbu aliniuma huko Mombasa, mimi nikabeba virusi nikarudi navyo. Na huyo mbu huuma mchana kweupe, anazaliana kwenye maji yaliyotulia: mapipa, tairi, hata sahani ya chungu cha maua. Dawa ya kuua virusi vyake hakuna. Wengi hupona nyumbani, wachache huzidiwa, na ukiugua mara ya pili hatari huongezeka.

Basi homa ikashuka. Mama Brian akaleta wamama wa kanisa, chai ikapikwa, nyimbo za shukrani zikaanza.

Mimi nyuma ya pazia tumbo linanikata. Nikatapika, nikatapika tena. Fizi zikatoa damu. Nikanyamaza, maana nani anataka kuharibia watu shukrani?

Mama mkwe akasikia kutoka nje.

"Nekesa, huyo anatapika?"

"Ni dawa tu, mama. Homa si imeisha?"

"Hiyo kuisha ndio inanitisha."

Akainuka. Nekesa akamzuia mlangoni. "Mama, huko huwezi ingia!"

"Aibu tutaongea akiwa hai."

Akavuta pazia. Nilikuwa na boxer tu, nikafunika uso kwa mto. Akanishika mkono, ulikuwa baridi na umelowa jasho. Akaangalia fizi.

"Mtaimba baadaye," akawaambia wamama. "Nitafutieni gari."

Hospitalini pressure ilikuwa chini na platelets, zile chembe za kugandisha damu, zimeanguka. Maji ya damu yalikuwa yanavuja kutoka kwenye mishipa. Nikawekewa drip haraka. Daktari akamwambia Nekesa, "Mngelala naye nyumbani, sidhani mngeamka naye."

Kwa hivyo wakuu, dengue si malaria. Homa ikishuka ndipo mgonjwa anafaa kuangaliwa sana. Tumbo likiuma vibaya, akitapika bila kuacha, akitoa damu au akilegea, kimbieni hospitali.

Nilipoachiliwa nilimkuta mama mkwe nje ya mlango, amegeuza uso upande kama kawaida yake. Nikasimama mbali, nikamwambia, "Asante mama kwa kuingia."

"Kuingia wapi?" akasema. "Mimi kwako sijawahi ingia."

Nekesa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilishindwa, nikalia pale pale majirani wakiona. Yule mama namheshimu kuliko ninavyoweza kuandika.

Nani hapa amewahi kuugua dengue? Na mwenye mkwe kama wangu aseme, tumsifu pamoja.