Bibi Alivyoezeka Kibanda cha Jirani

Leo asubuhi nimefungua dirisha. Kama unakaa Maskati utajua hiyo ni khabari ya kumpigia mtu simu. Miezi yote ya joto tumejifungia na viyoyozi vyetu, ukitoka nje unakwenda mbio mpaka kwenye gari, ukishuka unakwenda mbio mpaka dukani. Leo upepo umeingia wenyewe, bila ya kuitwa. Nikatoka na chai yangu mkononi, nikakuta wapunguza mitende wameshapita mtaa wetu hapa Bawshar, wameyalaza makuti kando ya njia yanangoja gari la taka. Ile harufu ya kuti bichi ikanijia puani. We acha tu! Nimesimama pale na kanga yangu ya nyumbani, mama mzima wa watoto watatu, moyo unanienda mbio kama nna miaka tisa.

Maana wengine wakinusa kuti bichi watakumbuka shamba. Mimi namkumbuka Mwalimu.

Siku hizo tukikaa Khuwair ya Kusini, nyumba ya pili kutoka kwa kinyozi, na nyumba ya tatu ndiyo yake. Ukuta wetu na wake ni mmoja. Mwalimu alitoka Ulaya, akisomesha skuli ya binafsi, mwanamke mrefu, peke yake, ana baiskeli nyekundu na miguu ya kuchekesha. Yeye ndiye aliyenifundisha kupanda hiyo baiskeli, mimi ndiye niliyekuwa nikikaa kwenye ngazi yake kila jioni kusoma vitabu vyake vya picha. Bibi yangu, mama'ke Baba, alikuja Maskati kutoka Unguja akiwa mtu mzima, ana Kiswahili chake na Kiarabu chake, Kiingereza hana hata cha kuombea maji. Basi wakitaka kusemezana, na kila siku walitaka, mkalimani ni mimi. Nlijiona mtu mkubwa, usiseme!

Mwaka huo, hali ya hewa ilipoanza kupoa, huo wakati ambao Bibi mpaka mwisho aliuita vuli ingawa mvua yenyewe hatuioni, Mwalimu alikuja kwetu na barua mkononi. Akakaa jikoni, akatwambia mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, yeye ni Myahudi. La pili, baba'ke anakuja.

Mama'ke alikuwa kafariki, na mzee amebaki peke yake nyumbani. Kamwandikia binti yake: nakuja kuona unavyoishi huko, na kama umeshaacha kila kitu chetu, tutarudi pamoja. Atafika karibu na sikukuu yao ya vibanda. Kwa siku saba familia inakula nje, kwenye kibanda kilichoezekwa kwa majani. Mzee hajakosa hata mwaka mmoja tangu utoto wake. Akikuta kibanda, atajua binti yake hajapotea. Asipokikuta, Mwalimu alisema, "nikimwona amesimama hapa na huzuni yake, sitaweza kumkatalia."

Nikayatia yote kwa Kiswahili. Mwalimu aondoke? Na mimi?

Baba aliinua macho kwenye gazeti, akauliza watu watasemaje. Bibi hata hakumwangalia. "Jirani yangu ana mgeni na ana sikukuu," alisema. "Watu waseme watakavyo. Majani ya nini, muulize, ya mtende yanafaa?"

Yanafaa. Lo, hapo ndo nlipomwona Bibi yangu akirudi ujana! Kuezeka ndo kazi yake hasa. Kwao Unguja, alitwambia, watu walikuwa wakimtuma kumwita kutoka kijiji cha pili. Tulipita mitaani mimi na yeye tukiokota makuti yaliyokatwa, tunayaburura mpaka nyumbani, madereva wanatupigia honi. "Mtende nao!" akilalamika. "Miba tu. Mnazi mpole, huu una ghadhabu." Majani yalikuwa magumu, yanavunjika ukiyakunja, kwa hivyo akayaroweka kwenye hodhi la kuogea. Siku tatu Baba alioga kwa ndoo, ananung'unika nyuma ya mlango, na Bibi anamjibu kutoka jikoni kwamba babu yake alioga kwa ndoo maisha yake yote na alinukia vizuri zaidi.

Baba alisimamisha nguzo uani kwa Mwalimu, akapiga fito juu. Mahali pa kuta tukatundika kanga za Bibi, nyekundu, manjano, buluu, kibanda kikapendeza mpaka paka wa kinyozi akahamia. Bibi akakaa mkekani anakunja majani kwenye vijiti na kuyashona, moja baada ya jingine, vidole vinamtoka damu na mdomo unaimba.

Sasa sikiliza. Jioni moja Mwalimu alikuja kuangalia, akaniambia nimwambie Bibi jambo. Paa lisiwe zito. Liachwe nafasi nafasi, mtu akikaa chini aweze kuona nyota.

Nikamwambia Bibi, neno kwa neno. Bibi akacheka. "Mtoto wa watu huyo, kalelewa. Anaona haya kututaabisha. Mgeni akikwambia chai nusu kikombe, utampa nusu?"

Na kweli, kwetu hakuna mtu aliyewahi kupewa nusu. Mgeni akifunika sahani kwa mkono kusema ameshiba, Bibi alimpakulia wali juu ya vidole. Nikaona Bibi kasema haki tupu. Mwalimu anajikaza tu kiungwana. Nikamgeukia Mwalimu na uso mkavu, nikamwambia, "Bibi kafahamu."

Mzee akafika. Mfupi, ndevu nyeupe, suti nzito ya baridi, na kofia. Asubuhi ya siku ambayo sikukuu inaingia jua likizama, Baba akatuchukua kumtembeza, Bibi akabaki kumalizia paa. Tukampeleka Maskati ya zamani, tukamwonesha kasri na lango, ngome mbili juu ya majabali, kila kitu kinang'aa kwa jua la upole. Mzee akaitikia kwa kichwa. Tukamshusha Matrah, tukamzungusha sokoni, akanusa ubani, akapiga chafya mara saba, akaitikia kwa kichwa. Tulimnunulia makomamanga ya Jabal Akhdhar, ule ndo wakati wake, akayapima mkononi moja moja na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Lakini kila tukirudi garini alimuuliza binti yake jambo lile lile, na mimi nikamuuliza Mwalimu, baba'ko anasemaje? "Anauliza leo jioni tutakaa wapi." Nami nikikaribia kupasuka kwa furaha. Ngoja tu, mzee, ngoja ulione paa la Bibi yangu!

Tulirudi saa kumi. Bibi kasimama mlangoni mwa kibanda, kajifunga leso kiunoni, mikono nyuma. Ndani mlikuwa na baridi na giza la kupendeza, mkeka umetandikwa, sinia la tende limewekwa. Na paa! Limeshonana, limelaliana safu juu ya safu, hata uzi wa jua haupiti. Ungelimwaga pipa la maji juu yake, chini usingelirowa.

Mzee akaingia, akakaa, akaangalia juu. Akaangalia sana. Kisha akamwambia binti yake maneno machache kwa lugha yao, taratibu. Mwalimu akaweka mkono kifuani kumshukuru Bibi, akasema anakwenda kuleta maji.

Nikamfuata. Nlimkuta jikoni kaegemea friji, machozi yanamtoka.

"Kasemaje?"

"Kasema ni nyumba nzuri sana." Akajifuta. "Nyumba. Si kibanda."

Ndipo aliponieleza vizuri. Siku hizo saba unatoka kwenye nyumba yako madhubuti, unakaa pasipo na kinga, mbingu unaziona. Paa lililozibika namna ile halihisabiki. Na jua likishazama hawaruhusiwi tena kujenga wala kubomoa.

"Basi mwambie Bibi!"

"Umeona vidole vyake? Siku tatu! Siwezi." Akatoa chupa ya maji. "Pengine baba yangu anasema kweli. Pengine hapa si pangu."

Nlihisi ardhi inanikimbia. Maana aliyesema "Bibi kafahamu" ni nani, kama si mimi?

Bibi alikuwa kakaa nje kwenye kiti, anapaka mafuta ya nazi vidoleni, anangoja sifa zake. Nikasimama mbele yake nikamwaga yote kwa pumzi moja, hata la kwangu sikulificha. Akanitazama.

"Paa livuje?"

"Lisivuje, Bibi, liwe wazi. Waone nyota."

"Mimi!" Akasimama. "Mimi nimeezeka nyumba ya mama'ngu! Nimeezeka ukumbi wa harusi! Hajatokea mtu, hajazaliwa, wa kunambia paa langu zuri kupita kiasi!" Akaivuta leso yake, akenda zake. Nikajua basi, anarudi nyumbani kuzira, na Bibi akizira ni wiki. Lakini hakuelekea nyumbani. Aliingia kibandani. Mzee alipomwona akanyanyuka kwa adabu, akavua kofia ya nje, chini yake ana kikofia kingine kidogo. Bibi akamtazama yeye, kisha akaangalia juu, pale pale mzee alipokuwa akiangalia.

"Jua limebaki kiasi gani?"

"Kidogo, Bibi."

"Na wewe umesimama unanikodolea macho ya nini? Lete meza! Lete kisu! Mwite baba'ko!"

Jamani, nlikimbia! Baba alikuja na kanzu imekunjwa mpaka magotini, Bibi akampandisha juu ya meza na yeye mwenyewe akapanda kiti upande wa pili, wakaanza kukata nyuzi. "Lile! Si hilo, la pembeni! Acha moja, toa moja! Usikate fito, we mtoto vipi!" Baba, mkurugenzi mzima wizarani, "naam Mama, naam Mama." Makuti yanaanguka, vumbi linatuingia machoni, Mwalimu anayazoa, mimi nayaburura nje. Mzee alikatazwa asiguse kitu kwa sababu ya maradhi ya moyo. Hakusikia la mtu, akaja akashika mguu wa meza kwa mikono miwili. "Shika imara, babu, khatari hiyo!" Bibi anampigia kelele kwa Kiswahili, na yeye anamjibu kwa lugha yake, na wallahi walielewana kuliko nlivyowahi kuwatafsiria watu wawili. Ule uso wake mzito kama suti ulishamtoka. Alikuwa anacheka.

Kuti la mwisho lilishuka jua limebaki ncha. Mwalimu akakimbilia mishumaa yake akaiwasha. Muadhini akaadhini. Sisi tukenda kuswali kwetu, tukarudi na kahawa, tukakaa sote mkekani na majani kwenye nywele.

Mwezi ulikuwa umepevuka, unapanda nyuma ya tangi la maji la kinyozi. "Kumbe na wao wanahisabu kwa mwezi," Bibi alisema, kafurahi kama kagundua ndugu. Kisha mzee akanyoosha kidole. Katikati ya paa la Bibi, kwenye tundu alilolikata kwa mkono wake, nyota.

"Muulize," Bibi akaninong'oneza, "na ikinyesha je?"

Nikauliza. Mzee akainua mabega: ikinyesha, tunaingia ndani.

Bibi alicheka mpaka akajishika mbavu. Mzee akamegua komamanga, akampa yeye mwanzo, akasema maneno marefu. Mwalimu akayatia kwa Kiingereza, nami nikayatia kwa Kiswahili: anasema umebomoa kazi yako ya siku tatu kwa ajili ya mwanawe. Anasema yeye anaweza kurudi peke yake.

Nlipiga kelele, mpaka kinyozi akaja kuchungulia ukutani.

Akabaki Mwalimu. Tulimzuia! Kila vuli tukaezeka pamoja, Bibi akiachia matundu na kulaani kila tundu, na nadhani sijapata kuwa na furaha ya namna ile tena, ya kufanya jambo gumu na watu unaowapenda huku jua linatukimbiza. Kisha Baba akamaliza kujenga huku Bawshar. Nyumba kubwa, kila mtu na choo chake. Siku ya kuhama Mwalimu alisimama njiani na baiskeli yake akitupungia, nasi tukaahidi kila sikukuu tutakuja, si mbali, robo saa tu kwa gari.

Mwaka wa kwanza tulikwenda. Wa pili nlikuwa na mitihani. Wa tatu magoti ya Bibi yalikuwa yakimuuma, lakini kutwa aliniuliza, "Wameshaezeka kule? Hatwendi?" Nami nlikuwa msichana mkubwa, nna rafiki zangu, nna simu yangu, nikamwambia njia imejaa magari, tutakwenda kesho. Mwalimu alipiga simu sikukuu ilipokwisha. Hakulaumu. Aliniuliza hali ya Bibi, akaniambia kila jioni, zote saba, alituwekea viti viwili.

Sikumwambia Bibi. Mwaka uliofuata, ulipoanza kuvuma upepo wa baridi, hakuniuliza tena.