Risper, fundi anayefungulia sauti njia

Saa mbili asubuhi, Risper Aluoch ameketi kwenye benchi la wagonjwa katika zahanati moja ya Makina, Kibera, kompyuta mapajani. Simu ya mezani inalia. Muuguzi Kasiva anaipokea, anasikiliza, kisha anaikata kwa hasira.

"Ni wale wakora tena," anasema. "Wananyamaza ndio wewe uongee, wakujue."

Laiti angejua! Aliyepiga ni Wagaki, muuguzi wa tawi la zahanati hiyo huko mtaa wa Kawangware. Huko hakuna mkunga. Mama mjamzito akizidiwa, Wagaki huuliza Makina. Wiki hii simu zimeanza kupitia mtandao ili wauguzi waache kumaliza krediti zao. Zinalia vizuri, ila hazisemi: anayepokea hasikii kitu. Jana Wagaki alikatiwa hadi akachoka, akampandisha mgonjwa bodaboda kwenda hospitali bila ushauri wa mtu. Mama huyo alifika salama, lakini kwa bahati tu.

Aliyeziunganisha ni Risper, na hii ndiyo kazi yake ya kwanza peke yake. Zisiposema kufikia adhuhuri, zitang'olewa. Naye, aliyefua nguo za watu miaka mitatu ajilipie chuo, atarudi kwenye karai.

Hata hivyo hana papara.

"Faiawoli, ule ukuta wa kulinda mtandao, ni kama keateka anayelinda geti la ploti," anaeleza. "Nilimwambia simu ikibisha, aifungulie. Lakini sauti hupitia geti ingine, na hiyo sikumwambia."

"Si ufungue zote tu?" Kasiva anauliza. "Watu wanangoja."

"Hapana, sista. Nikifungua zote, hata rekodi za wagonjwa zitabaki wazi."

Haba na haba, anazitenga simu katika kanda yao, mbali na kompyuta za rekodi. Kisha anaandika kanuni: sauti ipite kati ya Makina na Kawangware, kwingine kote isipite.

Simu inalia. Kasiva anasita, anaipokea.

"Kasiva, kwani nimekukosea nini?" Ni Wagaki, sauti safi kabisa. "Niko na mama hapa, miguu imefura na kichwa inamuuma sana."

"Woi, kumbe ni wewe! Pima pressure sasa hivi, uniambie. Sikati."

Risper anapumua, machozi yakimlenga. Anataka kuziunganishia simu kama hizi zahanati nyingine ndogo za mitaa hii, ila kwanza atapumzika kidogo.

"Mimi naishi Kawangware," anasema, akishika tumbo lake la miezi saba. "Kliniki yangu ni hiyo ya Wagaki."