Uzi wa Shaba Katika Gari la Papa Kasongo

Hata leo nikisikia kwaya inaimba njiani naingia kwanza ndani ya nyumba, maana hapa Likasi watu bado wananikumbuka: minye, mimi huyu, ndiye fundi aliyemfukiza marehemu moshi.

Papa Kasongo, jirani yetu, iko na pikapu ya zamani aina ya 404, ile ile iliyompeleka yeye na mke wake kanisani siku ya ndoa. Mke huyo, Mama Béatrice, alipofariki, mzee akasema jeneza litapanda humo humo, na taa zitawaka mchana kweupe kama msafara wa mazishi unavyotakiwa. Shida, kila ukiwasha taa, fusible (kile kidude kinachoungua ili gari lisiungue) ilikatika.

"Mwana, utaweza kuitengeneza mbele ya kesho?"

"Papa, weye lala tu!" (Kichwani nilishaandika kibao changu: Fundi wa Magari ya Zamani.)

Kutafuta waya unaogusa chuma kungekula siku mbili, basi nikafanya tunavyofanya sisi watoto wa mji huu wa migodi ya shaba: nikakata uzi mnene wa shaba, nikaupachika mahali pa fusible, taa zikawaka, mzee akanikumbatia akilia, nami nikajiona mkubwa.

Kesho yake nikakaa mbele karibu na mzee, shati jeupe, kwaya ikiimba nyuma yetu. Karibu na soko, harufu. Halafu moshi miguuni, halafu moshi nyuma, chini ya jeneza.

"Mushuke! Inawaka!" nikapiga kelele.

Kwaya ikakatika, wanaume wakalivuta jeneza, likagonga bati, maua yakaanguka mferejini, nami nikarusha mchanga huku nalia. Mama mmoja muuza mikate akapaza sauti: "Weye mutoto, unapika mama ya bantu?" (yaani mama wa watu). Na wengine wakacheka, kwenye mazishi!

Papa Kasongo hakunitukana. Alifuata jeneza kwa miguu, likiwa mabegani mwa wanaume, hadi makaburini.

Wiki iliyofuata nikarudi, nikatafuta polepole. Waya wa taa ya nyuma ulikuwa umechubuka, mahali padogo kama ukucha. Nikabadilisha nyaya zilizoungua, nikaweka fusible ya kweli.

"Papa, washa."

Zikawaka vizuri sana. Akaziangalia, akazima mwenyewe.

"Iko muzuri, mwana. Sasa itabeba nani?"

Shaba siweki tena mahali pa fusible, hata mtu anipigie magoti. Ningesema tu, "Papa, kesho haitawezekana," Mama Béatrice angeenda bila taa, lakini angefika na gari lake.