Fundi Asiyetambikia Kompyuta

Kibanda cha Limbert Quenta kiko ghorofa ya pili ya nyumba kongwe, juu ya mtaa wa Eloy Salmón jijini La Paz. Ukutani kuna kibao alichokiandika mwenyewe: "Kompyuta iliyomwagiwa bia, divai, pombe kali au maji ya baraka haina dhamana." Maji ya baraka yaliongezwa baadaye, kwa kalamu ya rangi nyingine, baada ya kupita padri mmoja asiyejua kunyunyiza kidogo.

Limbert ana miaka arobaini na saba, na kumi na sita kati ya hiyo ameiishi kwa kuunganisha kompyuta za mezani. Mteja huja na orodha ya vipuri kwenye simu. Limbert huisoma, hufuta vitu vitatu, kisha huuliza: "Ya kusomea au ya kuchezea?" Vijana wote hujibu ya kusomea. Yeye hutazama kadi ya picha wanayoitaka, humtazama mama aliyesimama nyuma yao, kisha huandika "ya kusomea" bila kupepesa jicho. Kwa maoni yake ni mashine ileile. Tofauti ni nani yuko chumbani.

Katika kazi hana mzaha. Krimu ya kupoza prosesa huipaka kiasi cha punje moja ya dengu, na anayepaka kiasi cha mbili humwita mpishi. Kila mashine huiwasha saa nzima huku akinywa supu, akisikiliza feni. Mwisho huizima, huigeuza, na kwa ukucha wa kidole gumba husukuma swichi ndogo nyekundu iliyo nyuma ya kisanduku cha umeme, kutoka volti 115, umeme wa zamani wa nyumba ile, hadi 230, umeme wa wateja wake karibu wote. Ndipo hufunga boksi. Kwa miaka kumi na sita haikurudi hata mashine moja.

Chuki yake kwa matambiko ina tarehe. Mwaka 1986 baba yake, seremala wa Oruro, alinunua televisheni kwa ajili ya Kombe la Dunia. Kabla ya mechi ya kwanza akaitambikia kama inavyopasa: tone kwa Pachamama, Mama Dunia, tone kwa kifaa. Tone la kifaa lilikuwa nusu glasi ya singani, pombe kali ya zabibu, na lilipita kwenye matundu ya nyuma. Televisheni ilionyesha mpira kwa dakika kumi na moja, ikatoa harufu ya keki, ikanyamaza. Baba akasema Mama Dunia alikuwa na kiu. Limbert, mwenye miaka tisa, alisikiliza mechi zilizobaki kupitia ukuta wa jirani, akingoja baba akiri. Baba alikufa bila kukiri.

Kwa hiyo kila Jumanne ya Kanivali, wenye vibanda wenzake wanapomwagia bia meza, mizani na vizingiti, Limbert hufunga mlango na kufungulia redio. Majirani humwita Mlokole, ingawa kanisani hajaingia tangu siku ya harusi yake.

Jumamosi moja kabla ya Kanivali alikuja Mama Fortunata Choque, muuza viazi vikavu kutoka El Alto, na binti yake Yhoselin, mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi mwaka wa tatu. Michoro ya mradi wa binti ilitakiwa chuoni Jumatatu baada ya sikukuu. Mama alitaka kuelezwa kila kipande. Walipofika kwenye kadi yenye feni tatu, kubwa kuliko tofali, Yhoselin akaanza kukagua dari.

"Hiyo ni kadi ya kuchorea madaraja, mama," akasema Limbert, na akaandika hivyo hivyo kwenye risiti.

Mama alipotoka kwenda kununua empanada za nyama, binti alimwomba fundi aingize na mchezo mmoja wa vita, ule unaofunguka wenyewe ukiwasha tu. Limbert akauingiza. Mashine ikamaliza saa yake, supu ikaisha.

Mama aliporudi aliuliza jambo moja: mbele ya hii kompyuta ni wapi, ili Jumanne ajue pa kuanzia kumwaga. Limbert alionyesha kibao. Mama akasema amekiona, kimeandikwa vizuri.

"Fundi, hata lori la kaka yangu linatambikiwa, na lina injini ya moto."

"Lori halina dhamana yangu."

"Ndiyo maana linatembea."

Vibanda vya jirani vilicheka vyote kwa pamoja. Ubishi ulichukua karibu nusu saa, na Limbert alifunga boksi huku bado akijibu. Mama na binti wakapanda nalo gari la waya la angani, boksi likiwa magotini kama mgonjwa.

Alhamisi walirudi. Yhoselin ndiye aliyesimulia. Jumanne waliipamba kompyuta kwa riboni na vikaratasi vya rangi, mama akamwaga bia, wakachomeka waya ukutani. Ukalia mlio mmoja mkubwa. Uani wajomba walikuwa wanalipua fataki, kwa hiyo watu wote walipiga makofi. Ni mjomba mmoja tu aliyeuliza mbona fataki imelipukia sebuleni.

Mama Fortunata aliweka leso juu ya meza na kuifungua. Ndani mlikuwa na hereni za dhahabu za marehemu mama yake, zile za kuchezea ngoma ya mtaa.

"Nimeiua mwenyewe, Fundi. Kibao nilikisoma. Bia yenyewe nilinunua ya bei ya chini, nikamfanyia Mama Dunia ubahili. Chukua hizi, mtoto apate nyingine kabla ya Jumatatu."

Limbert alifungua kasha kwa hamu aliyoitunza miaka thelathini na minane. Hatimaye mtu alikuwa amekiri. Alichotaka sasa ni bia tu: doa, harufu, ule utando wake unaonata. Alimulika kwa tochi kila kona. Ndani palikuwa pakavu. Alikuta kikaratasi kimoja cha waridi juu ya feni, basi. Yhoselin akaeleza kwamba bia ilidondoshwa kwenye pembe nne za meza, matone matatu matatu, kwa mkono wa mwanamke anayejua kutambikia injini.

Akageuza kasha. Swichi nyekundu ilisomeka 115.

Yhoselin alikuwa ameinama pembeni yake, naye akaisoma. Alikuwa anasoma uhandisi, hakuhitaji kuelezwa. Akamtazama fundi, kisha akauliza polepole kama kadi ya madaraja imepona. Limbert alielewa bei iliyotajwa. Risiti ilikuwa kwenye pochi ya mama. Wawili wao wakinyamaza, kibao kingebaki ukutani na heshima yake, mchezo ungebaki kwenye mashine, na hereni zingebaki mezani. Mama aliyekaa kwenye kiti kidogo alikuwa bado anailaumu bia.

Limbert aliifunga leso na kuirudisha mapajani mwa mama.

"Bia haikuingia, mama. Ni mimi. Hii swichi nilisahau kuisukuma, umeme wa kwenu ukakiunguza kisanduku."

Mama akavaa miwani. "Hii hii? Ndogo hivi?"

"Hiyo."

"Ulishawahi kuisahau?"

"Sijawahi."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

Mama aliitikia kwa kichwa kama hakimu aliyefikishiwa kielelezo cha mwisho. "Na miaka yote hiyo hujampa Mama Dunia hata tone. Kakuchoka, baba. Kakufunga macho."

Limbert alishika bisibisi. Alikuwa amesoma fizikia miaka miwili chuoni, na somo hilo halikuwemo. Akatoa rafuni kisanduku kipya cha umeme, akakifunga bila malipo. Swichi aliiacha kwenye 115 ya ukuta wake, na juu ya boksi akaandika 230 kwa herufi za kutisha, asisahau tena. Kilichoungua kilikuwa kile cha zamani tu. Wakati huo Mama Fortunata alitoa kikapuni chupa yenye bia iliyobaki, akainyunyiza kwenye kizingiti cha kibanda. Limbert hakumzuia. Alisogeza tu waya wa umeme, na majirani waliokuwa wanachungulia wakaona kwamba Mlokole ameokoka.

Akabonyeza. Feni zikazunguka, kioo kikawaka, na wanaume wenye bunduki wakaanza kukimbia matopeni huku risasi zikilia. Mama Fortunata alivuta kiti mbele. Alikagua kioo kuanzia kona hadi kona, kwa utulivu, kama anayechagua viazi.

"Daraja liko wapi?"

Yhoselin alirudi kwenye dari. Limbert, aliyeona ameshasema ukweli wa kumtosha mwaka mzima, akainama kutazama kioo pamoja naye.

"Bado kidogo, mama," akasema. "Ngoja wafike mtoni."