Viola Iliyopashwa Moto Newala

Mimi na Shamila ni mabinamu, kwa hiyo kumtania ni haki yangu, na leo nitaitumia. Utotoni alikuwa na mikono mirefu kupita kiasi. Bibi mmoja wa Kijerumani, mwalimu mstaafu aliyekuwa akifundisha watoto muziki kule Ndanda, aliitazama mikono ile akampa viola badala ya fidla. Viola ni fidla iliyonenepa, na sauti yake ni nzito zaidi. Shamila akaing'ang'ania mpaka ikampeleka Dar.

Huko anafundisha shuleni, na anapiga katika kundi la watu wanne: fidla mbili, viola na sello, ile fidla kubwa ya kusimamishwa chini. Fidla zinapaa na kusifiwa, sello inanguruma, yeye yuko katikati anawashikilia wasitawanyike. Akipiga vizuri hakuna anayemsikia. Mimi ningeshaacha zamani, ila yeye anasema hapo katikati ndipo panapomnogea.

Baba yangu, Uwesu, ndiye mjomba wake, na kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Ndiye pia mpiga ngoma mkuu wa mtaa wetu hapa Newala. Alimruhusu Shamila kwenda, lakini hakuwahi kumsikia akipiga hata mara moja. Tukimwekea kwenye simu anakataa. Anasema huko ni kunusa pilau la jirani.

Basi Julai iliyopita kundi likaja Newala, na kwa heshima ya Shamila lilichagua muziki ambao viola ndiyo inayoanza, peke yake, wenzake wakisubiri. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Shamila alikuwa na hamu moja tu, mjomba amsikie, na alinikumbusha mara kadhaa nimwekee Baba kiti cha mbele.

Asubuhi ya onyesho alifika kwetu, akamwamkia Baba, akaacha kasha lake sebuleni na kuingia kuoga kwa nusu ndoo, maana maji kwetu ni ya kugawana. Baba alikuwa uani akipasha ngoma zake kwa moto wa nyasi, ngozi zikaze, sauti ipande. Julai huku juu ni baridi. Akaona si haki ngoma zake zipate moto na chombo cha mpwa wake kikae na ubaridi. Akakitoa kwenye kasha, akakiegemeza pamoja na ngoma, karibu kabisa na moto, kwa upendo wote.

Shamila alipotoka, mgongo wa viola ulikuwa umeachana na ubavu, ufa mrefu wa kuingiza ukucha. Mimi nililia. Yeye aliketi chini. Mjomba hafokewi, kwa hiyo alieleza taratibu kwamba chombo hiki kimeunganishwa kwa gundi ya ngozi, na gundi hiyo ikipata joto hulegea. Baba akauliza kama ndiyo basi tena. Shamila akasema inaweza kushika, ikipakwa maji ya moto kwenye ufa na kubanwa mpaka ipoe na kukauka. Ila vibano vyake viko Dar.

"Mikono ninayo," alisema Baba.

Akakaa barazani, viola katikati ya magoti, akaibana kwa viganja vyote viwili. Tukaongezea vipande vya mpira wa baiskeli. Wapiga ngoma wenzake walipomfuata akapige ngoma za mapokezi, akawaambia wachukue mtu mwingine. Chai nilimnywesha mimi, na nilimcheka sana.

Jioni ukumbi ulijaa hadi madirishani. Shamila akatokea, mpira mmoja bado umefungwa kiunoni mwa viola. Akaweka upinde juu ya nyuzi, na jamani, sauti ikatoka nene, ya chini, ikatembea peke yake ukumbi mzima, na ufa haukusema kitu. Nilimshika Baba mkono. Vidole vyake vilikuwa bado vimekakamaa. Kisha fidla zikaingia, na sello.

Sehemu ya kwanza ikiisha, kwa taratibu zao, watu hunyamaza kusubiri ya pili. Kule Dar mtu akikohoa tu hapo, Shamila hununa siku nzima. Baba hazijui taratibu hizo. Alisimama.

"Shamila, mwanangu, rudia pale ulipokuwa peke yako."

Wapigaji watatu walimgeukia Shamila. Machozi yalikuwa yanamtoka na meno yote yako nje.

"Ndiyo, mjomba," akasema, akainua upinde, akaanza upya.