Barua za Rais na Koo la Baba

Mimi ni mwoga, na sioni sababu ya kuficha. Naogopa radi, naogopa ng'ombe wenye pembe, naogopa simu inayolia alfajiri. Lakini hofu kubwa kuliko zote ilinijia kutoka mahali ambapo hakuna mtu angeitazamia: kwenye barua za rais mmoja wa mwanzo wa Amerika, mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

Kazi yangu ni kupiga chapa. Watu wa ng'ambo hunitumia picha za karatasi za kale zilizoandikwa kwa mkono, nami naziandika upya kwenye kompyuta, neno kwa neno, bila kusahihisha hata koma. Naifanyia nyumbani kwa baba, mlimani upande wa Bomet, kwenye meza iliyo karibu na dirisha linalotazama robo eka yetu ya chai. Baba alikuja huku akiwa kijana kutoka upande wa ziwa, akachuma chai kwenye mashamba makubwa, akapanda mpaka akawa nyapara, na alipostaafu akanunua kipande chake. Mama alikwishatangulia. Tulikuwa wawili tu.

Kila siku saa kumi, tukishakunywa chai, baba alikuwa akivuta kiti. "Haya, nyara, mzee wetu amesema nini leo?" Nyara ni binti yangu kwa lugha ya kwetu. Nami nilimtafsiria kurasa za siku hiyo. Rais naye alikuwa amestaafu. Aliamka kabla ya jua, akaandika barua zake, akala chakula laini kwa sababu ya meno mabovu, kisha akapanda farasi kuzunguka mashamba. Akirudi alilalamika kwa barua: uzio umeanguka, nyumbu anaumwa, msimamizi ni mvivu, na mezani pamejaa wageni ambao hata hawajui. Baba alicheka mpaka akafuta machozi.

"Huyu alikuwa nyapara kama mimi," alisema. "Tofauti ni farasi tu."

Siku niliyomsomea orodha ya watumwa, wazee na watoto wote wamo, wengi wao wakiwa na jina moja moja, hakucheka.

"Hao walikuwa wanalipwa?"

"Hapana, baba."

"Basi hayo meno yamuume."

Nilidhani hatataka tena kumsikia. Kesho yake saa kumi alivuta kiti kama kawaida, akauliza kama nyumbu alipona.

Mvua ya mawe kwetu si habari. Mchana ukipata joto sana, jioni tunapigwa, na chai inapigwa kuliko sisi. Majani yaliyopondwa yanatakiwa kuchumwa upesi, kabla hayajageuka mekundu na karani wa kituo cha kununulia chai akayakataa. Kila mwenye chai analijua hilo, lakini mwenye akili hungoja mvua ikatike. Jioni moja baba hakungoja. Nilimwona dirishani akipita katikati ya mistari, mawe yakimrukia begani, akipindua majani kwa mkono na kusonya. Unyapara haustaafu.

Aliporudi nilikuwa ndio kwanza nimeupakua ugali. Maji yalikuwa yanamchuruzika, na kwenye ukosi wa koti kulikuwa na mawe ambayo hayajayeyuka. Sasa kwetu ugali haungoji mtu. Ukipoa, aliyeupika ametukanwa. Nikasema, kwa mdomo wangu mwenyewe, "Baba, kaa ukule kwanza, ugali isipoe. Nguo utabadilisha baadaye."

Akakaa. Alikula samaki wake taratibu, akitoa mwiba mmoja mmoja, na chini ya kiti chake sakafu ikalowa. Sikuwaza lolote.

Asubuhi sauti yake ilikuwa imekwaruza. Nikamwambia twende zahanati. "Koo imekuja yenyewe," akasema, "itaenda yenyewe." Nikamtengenezea maji ya tangawizi, nikakaa kwenye kazi yangu.

Kurasa za siku hiyo hazikuwa za rais. Zilikuwa za karani wake, akieleza siku za mwisho za mkubwa wake. Nilijua tangu mwanzo kwamba lazima angekufa, maana wote hufa, ila sikujua alikufaje. Karani anaeleza kwamba rais alitoka na farasi kukagua mashamba kwenye theluji na mvua ya mawe. Alirudi shingo imelowa. Chakula kilikuwa tayari, akakaa kula bila kubadilisha nguo. Siku iliyofuata koo likamuuma, akakataa dawa.

Niliacha kupiga chapa. Niligeuka kumtazama baba. Alikuwa amekaa mlangoni akimeza mate kwa shida, kichwa kikisogea mbele kila alipomeza. Mimi ndiye niliyemkalisha na nguo mbichi. Nilirudi kwenye skrini kwa sababu niliogopa kuendelea, na niliogopa zaidi kutojua. Koo la rais lilivimba. Mwenyewe akataka atolewe damu. Aliyeanza kumchanja alikuwa msimamizi wa shamba, nyapara. Kisha wakaja madaktari watatu, wakamtoa tena na tena, jumla mara nne. Kutoka siku aliyolowa mpaka alipokata roho, ni siku mbili.

Saa kumi baba alivuta kiti.

"Leo hakuna stima," nikamwambia, na balbu ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Sikuwahi kuwa mwongo hodari. Alinitazama, akaenda kulala mapema.

Kesho yake sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Alikaa kitandani ameinama mbele, mdomo wazi, mate yakimdondoka kwa kuwa hayamezeki, na kila pumzi aliyovuta ililia. Nilimbembeleza twende hospitali, akatikisa kichwa. Kwa mkono alinionyesha ishara ya pembe. Alitaka niite rafiki yake.

Rafiki huyo na baba walichuma chai pamoja. Tangu zamani ndiye mtu wa pembe wa watu wa kwetu: ukiumwa mgongo au kichwa, anakuchanja kwa wembe, anaweka pembe ya ng'ombe juu ya chale, anaivuta kwa mdomo mpaka damu mbaya itoke. Baba amechanjwa na mtu huyo mara nyingi na kesho yake akaenda kazini. Hata sikupata nafasi ya kukataa kumwita. Jirani alikuwa amekwishampasha habari, akaja mwenyewe na mfuko wake.

"Nyara, chemsha maji," mtu wa pembe akasema.

"Hapana, baba."

Nilimwita baba kwa heshima, ila alidhani hakusikia vizuri. Kwetu mtoto hasemi hapana kwa rafiki ya babake, hata awe na mvi. Nikasimama mbele ya kitanda.

"Hutamtoa damu. Hata tone moja."

"Wewe umesoma kompyuta," akasema kwa upole. "Mimi nimesoma watu."

"Kuna mtu alitolewa damu kwa koo kama hii hii. Mara nne. Alikufa."

"Mtu wa wapi?"

"Wa Amerika."

Akacheka kwa kweli, mpaka akaweka pembe chini. "Sasa hao wa Amerika wanajua pembe?"

Nilitaka kulia. Hapo baba akainua mkono. Alisimama akishikilia ukuta, akachukua kofia msumarini, akaonyesha kwa kidole, nje, pikapu ya jirani inayobeba majani. Sikuamini macho yangu. Nilijiona nimemshinda mtu wa pembe kwa hoja, na hata njiani kwenda hospitali ya Longisa, nikimshikilia baba juu ya magunia, katikati ya hofu yote nilikuwa na kiburi kidogo.

Daktari aliyetupokea alikuwa msichana, mdogo kuliko mimi. Alimtazama baba anavyopumua, wala hakumwambia afungue mdomo.

"Kuna kifuniko kidogo hapa juu ya njia ya hewa," aliniambia. "Kimevimba, nafasi imebaki ndogo sana. Ikiziba kabisa hatuna dakika nyingi. Tunataka kutoboa hapa chini, tuweke mrija." Akagusa shingo yake mwenyewe. "Unakubali?"

Nilikuwa nimetoka kuuzuia wembe wa mtu wa pembe, sasa naombwa niruhusu kisu cha shingoni. Lakini jana yake nilikuwa nimepiga chapa pia karatasi nyingine, ambamo imeelezwa kwamba yule mdogo wa madaktari watatu alipendekeza jambo hilo hilo, rais atobolewe shingo apate kupumua. Wakubwa wake walikataa. Nilimtazama msichana huyu, nikaona hakuna mkubwa mwingine pale ila mimi. Nikatia sahihi ambayo hata benki isingeitambua.

Siku ya tatu daktari alisema hatari imepita. Mrija ulikuwa bado shingoni, baba hawezi kusema, basi muuguzi akampa kalamu na daftari. Aliandika kwa herufi kubwa, zile alizozoea kwenye orodha ya wachumaji.

CHAI ILICHUMWA?

"Ilichumwa, baba. Jirani alisaidia."

Akapumzika. Kisha akaandika tena.

MZEE WETU ALIPONA?

"Bado sijafika huko," nikasema, nikijishughulisha kunyoosha shuka.

Alinigonga mkono kwa kalamu ili nitazame. Aliandika polepole safari hii, akisimama kila baada ya maneno mawili matatu kuvuta pumzi, nami nikayasoma yakitoka.

ULIACHA KUNISOMEA. ULIPOSEMA MTU WA AMERIKA NIKAJUA NI YEYE, AMEKUFA KWA KOO. NIKAOGOPA. NDIO NIKAINGIA GARI.