Mawe ya Mtu Tusiyemjua

Enzi zetu, sisi wa Kinampanda tuliokua kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa, salamu hazikuishia kwa walio hai. Njia ya kisimani ilikatiza mlimani, penye rundo kubwa la mawe, kaburi la mtu wa kale aliyekuwapo kabla ya babu zetu. Kila aliyepita aliokota jiwe, akaliweka juu, akaamkia. Ndipo sisi wasichana tukaendelea na vituko vyetu, kuteleza kwenye majabali mpaka kaniki zikatoboka. Nyumbani tulingojewa na ugali wa uwele, mlenda, na kofi moja kwa ajili ya kaniki. Vijana wa leo, kumsalimia jirani tu wanaona kazi!

Nilimuuliza bibi, mama yake baba, nani kalala pale.

"Hatumjui," alisema. "Lakini na yeye alizaliwa na mtu."

Mwaka mmoja ikaja amri ya kutengeneza barabara. Nyapara, mtu mkali kwelikweli, akaliona lile rundo akafurahi: mawe tayari, hayataki kuchimbwa. Akatuamuru tulibomoe kesho yake, na atakayekataa apelekwe kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Wanaume wakatazama chini. Mimi nililia, nikidhani yule mtu wetu atabaki uchi kwenye baridi ya mlimani.

Bibi hakulia. "Mwanangu," alimwambia nyapara, "unataka mawe, au unataka yale?"

"Nataka mawe, mama."

"Basi njoo shambani kwangu. Yanatuvunjia majembe kila mwaka."

Nyapara akacheka, akakubali. Kesho yake kijiji kizima tulibeba mawe ya mashambani hadi barabarani, akina mama wakiimba, watoto tukishindana. Barabara ikapata mawe na kaburi likasalimika. Mtama wa mwaka ule ulistawi, na bibi alitamba mpaka tukachoka kumsikiliza.

Juzijuzi nilikwenda kuangalia. Rundo hakuna. Vijana wameyapakia mawe kwenye lori, wakajengee misingi ya nyumba, wala hawakuamriwa na mtu. Si watoto wabaya. Waliponiona nazungukazunguka wakaniuliza nimepoteza nini. Nikawaambia kuna mtu wetu alizikwa pale.

"Pole sana, bibi. Alikuwa anaitwa nani?"

Nikasema sijui, machozi yakanitoka mbele yao. Enzi zetu tulimtunza mtu bila kumjua jina.